Mgeni Aliyetarajiwa Rhonda

Nilikuwa kidato cha tatu wakati shule yetu ya Nakuru ilipoingia katika shindano la kimataifa la sayansi ya anga. Kila timu ilikuwa na wanafunzi wawili wa nchi mbili, na kazi ilikuwa kubuni makao ya watu arobaini kwenye sayari ya Mirihi. Washindi wangetembeleana: mmoja aende kwa mwenzake wiki mbili, kisha mwenzake aje. Mimi nilipangwa na msichana wa Poland.

Tulizungumza kila Jumamosi kwenye kompyuta ya maabara. Kiingereza chake kilichechemea kama changu, kwa hivyo hatukuoneana haya. Yeye alishughulikia vyumba, hewa na maji, mimi chakula. Nilienda Karagita kwa shangazi yangu, mfanyakazi wa shamba la maua, anieleze jinsi waridi linavyonyweshwa tone kwa tone. Nilipomsimulia mwenzangu, yeye aliuliza shangazi analala wapi. Nikamwambia chumba kimoja, na watoto watatu. Akafuta vyumba vyote alivyokuwa amechora.

"Watu wetu wasibanwe hivyo," akasema.

Tulipopita mchujo wa kwanza, mama aliamini kabisa kwamba mgeni anakuja. Yeye ni fundi wa nguo, ana kibanda cha mabati hapo mtaani kwetu Rhonda. Alishona foronya mbili za samawati akaziweka kando.

"Huyo mtoto wa watu anakula ugali?"

"Atakula, Mum."

"Na asipokula?"

"Utampikia chapo."

Kisha mwenzangu akaanza kukosa mikutano. Aliniambia ana mafua. Jumamosi ya tatu nilikaa mbele ya kompyuta saa nzima peke yangu, na siku ya kutuma kazi ilikuwa imekaribia. Nilimwandikia kwa hasira: kama umechoka sema, nitafute mtu anayejali.

Hakujibu. Siku nne baadaye mwalimu wa fizikia aliniita nje ya darasa.

"Yule rafiki yako wa Poland ameaga," akasema. "Alikuwa na saratani ya damu. Hata mwalimu wake hakuwa ametuambia."

Nikamjibu, "Lakini hajamaliza sehemu ya maji."

Hayo ndiyo maneno yaliyonitoka. Bado yananitia aibu.

Jioni nilipomwambia mama, nilidhani angesema pole na kuendelea kushona. Alifunga kibanda. Aliteleka chai kwenye sufuria ya wageni, akawaita majirani. "Mtoto wangu amefiwa," aliwaambia. Wakaja, wakaketi kitandani na juu ya mitungi ya maji. Mmoja aliuliza marehemu alikuwa wa ukoo gani.

"Alikuwa mgeni wetu," mama akasema. "Tulikuwa tunamngoja."

Wakaomba. Ndipo nikalia.

Walipoondoka mama akasema, "Sasa tumpigie mamake."

"Tutamwambia nini? Hajui Kiswahili."

"Pole ni pole."

Mwalimu alitutafutia njia. Jumamosi mama alikuja shuleni na kitambaa chake cha kanisani kichwani. Kwenye kompyuta alitokea mwanamke mwenye nywele fupi na macho yaliyovimba. Mama alianza kuongea hata kabla sijawatambulisha. Mwenzake akajibu kwa Kipolandi, akilia, na hakuna aliyeningoja nitafsiri.

Mwishowe yule mwanamke alinigeukia, akatafuta Kiingereza neno moja moja.

"Ujumbe wako uliingia tukiwa hospitali. Simu nilikuwa nayo mimi. Nilisoma. Sikumwonyesha. Nilimwambia umemsalimu."

Hakuwa na hasira. Laiti angekuwa nayo.

"Amesema nini?" mama akauliza.

"Anasema asante."

Mama aliridhika. Alimpungia mkono hadi picha ikazimika.

Mwalimu alituma kazi ilivyokuwa, ikiwa na pengo la maji. Hatukufika fainali. Mama bado hunituma nimsalimie mwanamke huyo kila Krismasi, naye hujibu na kuuliza kama nasoma vizuri. Zile foronya tulianza kuzilalia mwaka uliofuata, kwa kuwa zetu zilikuwa zimechakaa. Ukweli sijamwambia mama. Na mara kadhaa nimeanza kumwandikia yule mwanamke wa Poland nimwombe msamaha, lakini nikifika katikati nafuta yote, namtumia salamu za mama tu.