Mama Sponji na Ushahidi Alioukalia

Asubuhi hii cherehani ya Mama Sponji inanguruma, lakini mwenyewe hajaketi. Amesimama, kainama, anasukuma ngozi chini ya sindano huku akicheka peke yake. Mteja aliyeleta viti vya teksi anamuuliza kwa nini anajitesa.

"Mto wangu umepanda cheo," anajibu. "Haukaliwi tena na mtu kama mimi!"

Mama Sponji ni fundi wa viti vya magari. Kazi hiyo alifundishwa na shangazi yake, dada wa baba, aliyemlea baada ya baba kufariki. Shangazi huyo ndiye chanzo cha kicheko cha leo.

Ujanani, shangazi aliendesha gari la kaka yake, baba wa Mama Sponji, kwenye mbio za magari. Ndivyo alivyosema siku zote, na ukoo mzima ukamfanya kichekesho. Kila harusi lazima atokee wa kumchokoza: "Shangazi, leo umekuja na gia ya ngapi?" Yeye hucheka nao. Mama Sponji ndiye aliyemwona baadaye jikoni, akifuta machozi.

Mwaka huu chama cha madereva wa mbio kilitangaza kwamba wakongwe watafungua mashindano kwa msafara wa magari ya zamani. Shangazi akaenda kujiandikisha. Akaambiwa, kwa adabu zote, alete ushahidi.

"Alirudi amenyong'onyea," anasema Mama Sponji. "Nikasema liwalo na liwe, nitautafuta."

Akawa anafunga karakana mapema kila Alhamisi na kwenda kwenye chumba cha picha za zamani cha gazeti moja. Wateja wakanung'unika, wengine wakahama. Mtunza picha alimletea sanduku baada ya sanduku: vumbi, matope, kofia ngumu, miwani mikubwa. Sura ya shangazi haikuonekana. Picha pekee ya gari lile ilikuwa na maelezo yaliyomtaja baba yake kuwa dereva.

"Niliirudisha sandukuni. Niliishiwa nguvu kabisa."

Alhamisi iliyopita aliiomba tena, walau abaki na kumbukumbu ya baba. Pichani gari limesimama, mlango uko wazi. Baba, mrefu kama mlingoti, amepiga magoti akibadilisha tairi. Kando yake yupo mtu mfupi aliyefunikwa uso kwa kofia na miwani.

Safari hii jicho la fundi likatua kwenye kiti cha dereva. Juu yake palikuwa na mto mnene wa kitambaa cha godoro, chenye mistari, na konani kiraka cha ngozi cha pembetatu.

"Muda wote natafuta uso! Mimi, fundi viti, sikuangalia kiti!" anasema, akijipiga paji la uso. "Baba alikuwa anainama hata kupita mlangoni. Mto wa nini? Si angetoboa paa? Huo ni wa mtu mfupi kama shangazi!"

Mtunza picha alicheka hadi miwani ikamdondoka. Mama Sponji alikuwa ameshatoka mbio, maana lilikuwa limemjia jambo moyoni. Mto anaokalia kwenye cherehani alipewa na shangazi siku ya kwanza ya kujifunza kushona. "Mto huu umekimbia kuliko wewe," aliambiwa, naye akadhani ni utani. Kila ulipochakaa, aliuvika kitambaa kipya juu ya kile cha zamani.

Alifika karakana, akashika wembe, akafumua tabaka moja baada ya jingine. Mistari ikatokea. Kisha kiraka cha ngozi, palepale konani.

"Nilipiga kelele majirani wakadhani nimejikata. Jamani, nilikuwa nimeukalia ushahidi!"

Chama kiliona picha na mto, kikakubali. Shangazi alipoambiwa, aliuchukua mto. Alipapasa kile kiraka, akalia palepale mbele ya watu, bila kwenda jikoni.

Kisha akauliza atakaa wapi kwenye gari la msafara. Viongozi walikuwa wamempangia kiti cha nyuma, apungie watu mkono.

"Nyuma? Kwani mimi mzigo?" alisema. "Leseni ninayo, macho ninayo. Huyo dereva wao ndiye akae pembeni."

Wamekubali, mradi aende polepole. Mto sasa uko mezani, unaandaliwa kwa siku hiyo. Simu inaita, ni shangazi. Mama Sponji anamweka kwenye spika.

"Mwanangu, huo mto uongeze sponji. Siku hizi nimefupika."