Fundo la Mama

Nikinusa mbao mbichi za mkaratusi, bega la baba hunijia.

Tulikuwa tunajenga jiko. Majirani waliunga nguzo na fito za mkaratusi chini, wakauinua ukuta mzima kwa pamoja, mrefu kuliko migomba iliyouzunguka. Mama aliuegemeza kwa mti wa mshazari, akaufunga kwa kamba ya mgomba aliyoiloweka. Fundo lake lilikuwa baya, limejaa mikia. Watu walipokwenda kunywa uji, mimi nilibaki nalo. Nililifungua ili nilifunge vizuri.

Ukuta ukainama. Baba aliukimbilia, akaupokea kwa bega, akapiga goti hadi majirani walipofika kuusimamisha.

"Nani kafungua?" jirani mmoja akauliza.

"Upepo huo, waitu, ndugu zangu," alisema baba, akinitazama. "Upepo wa huku hauna adabu."

Watu walicheka. Nami nilicheka. Tangu siku hiyo baba hakubeba tena mkungu wa ndizi kwa bega lile, na mimi sikuwahi kumwambia neno juu ya fundo lile.

Sasa nasimamisha kuta za mbao, kazi niliyojifundisha mwenyewe kwa hofu nyingi. Asubuhi hii tumeinua ukuta wa bweni. Misumari mitatu ya mti unaouegemeza imepinda yote.

"Dada, niing'oe nipige mingine?" mwenzangu aliuliza.

Vidole viliniwasha.

"Iache," nikasema. "Mpaka ukuta wa pili usimame."

Kisha nikauwekea ukuta bega langu, ingawa ulikuwa umeshika imara.