Operesheni Soksi

Mwanangu aliniuliza kama nimekula, nikajua kuna mtu amekufa.

Huyu mwanangu anafanya kazi ya usiku kwenye wehausi, ghala la vifurushi, hapa Louisville. Asubuhi akirudi huwa anavua buti, anauliza chakula chake kiko wapi, analala. Siku ile alikaa kwenye kiti mbele yangu, koti la kazi bado mwilini. "Mama, umekula?" Nikamwambia, "Nimekunywa chai na mkate. Sema." Kwetu mtu haambiwi msiba akiwa na tumbo tupu, wala akiwa peke yake, wala kwa simu. Kwanza ale, watu wakae karibu naye, ndipo mmoja afungue mdomo. Mwanangu alifika Marekani akiwa bado mtoto wa shule, lakini hilo hakulisahau. Najivunia hilo kuliko gari lake.

Aliyekufa alikuwa kaka yetu mkubwa, kule kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania. Yeye ndiye aliyetulea, mimi na mdogo wangu wa kike, baada ya baba kufa. Yeye ndiye aliyetutoa milimani Kivu Kusini wakati wa vita, akatuvusha ziwa. Nililia, sitasema sikulia. Halafu nikanyamaza ghafla kama mtu aliyesahau sufuria jikoni, kwa sababu nilimkumbuka mdogo wangu aliyeko Buffalo.

Mama yetu alipofariki, mdogo wangu alikuwa katika mwaka wake wa kwanza huku. Mpumbavu mmoja akampigia simu akiwa kazini, akamwambia moja kwa moja, "Pole, mama yenu amekufa." Alikaa chini kwenye sakafu ya choo cha kazini. Wazungu walimkuta hapo, wanamuuliza, yeye hana hata neno la Kiingereza la kuwaambia. Wakadhani anaumwa, wakamwitia ambulansi. Alimlilia mama yake peke yake, kati ya watu waliokuwa wanampima mapigo ya moyo. Tangu siku ile presha haikumwacha. Nikasema moyoni: safari hii hapana. Safari hii atasikia kutoka kinywani mwangu, nimeshika mkono wake.

Bon, lakini watu wetu siku hizi wametapakaa. Yuko wa Arizona, yuko wa Finlandi, yuko wa Australia, na kila mmoja ana simu, na mtu akifa kila mmoja anataka awe wa kwanza kuweka picha ya mshumaa. Na Buffalo si mtaa wa pili. Tungefika kesho yake.

Nikampigia mjukuu wangu aliyeko Columbus, binti wa binti yangu. Huyu anasoma chuo kikuu, anasoma historia, na mtu asiyejua kwamba mjukuu wangu anasoma chuo kikuu basi hajakutana na mimi. Mimi niliacha darasa la pili nikachunge ndama. Nikamweleza kwa simu hiyo hiyo, kwa kuwa njia nyingine haikuwapo. Akalia, halafu akauliza, "Bibi, nani mwingine anajua?" Nikamwambia. Akasema, "Nalifunga kundi la familia sasa hivi, mtu asiandike kitu mpaka mimi nifungue." Kumbe ufunguo wa kundi la WhatsApp anao yeye! Akawapigia mmoja mmoja, wa Arizona, wa Finlandi, wote, wakubwa kwake. Aliwaambia bibi amekataza. Wakatii.

Mwanangu akalala kidogo, tukaondoka. Jioni tulikuwa Gahanna, pembeni ya Columbus, jikoni kwa binti yangu, ambaye alikuwa kazini. Mjukuu alikuwa amepika ugali laini mno, nikaula hivyo hivyo. Ndipo akaanza kutueleza mambo ya vita vya Hitila, kwa sababu ndiyo anayoyasoma: operesheni za siri, kila moja na jina lake.

"Na sisi tunahitaji jina," akasema. "Tukipigiana simu na mtu yuko karibu na mdogo wako, tusiutaje msiba."

"Operesheni Msiba," nikasema.

Mwanangu akacheka mpaka akaweka uso mezani. "Mama, wewe ungefungwa siku ya kwanza!"

"Bibi, jina halitakiwi kusema jambo lenyewe," mjukuu akasema. "Mtu akilisikia asipate kitu." Akatazama huku na huku, akatazama miguu yangu. Nilikuwa nimevaa soksi mbili mbili kwa baridi. "Operesheni Soksi."

Basi ikawa Soksi.

Akasema kitu cha pili ni uongo wenyewe. Watu wale wa vita walijua kwamba mtu hudanganyika kwa kitu ambacho tayari anakitaka. Akaniuliza, "Mdogo wako anataka nini kwako?" Sikuhitaji kufikiri. Miaka yote ananiambia, yaya, yaani dada mkubwa, njoo uone theluji ya Buffalo, hiyo ya kwenu Louisville ni unga tu. Na miaka yote nakataa, nasema sitoki nyumbani kwangu kwenda kutafuta baridi.

Nikampigia palepale. Sauti niliiweka sawa, nikaishika kama unavyoshika ndoo iliyojaa. "Mdogo wangu, nakuja kesho kuona theluji yako."

Akapiga kelele! "Wewe? Yaya, wewe? Umelewa?"

"Sijalewa. Mjukuu yuko likizo, mjomba wake anaendesha. Nikifa kwa baridi utanizika."

"Nitakuzika na koti zuri!" Anacheka. Mimi nakata simu, nakaa, natazama ukuta.

Kesho yake mjukuu ndiye alishika usukani. Njia ni ndefu, mashamba meupe pande zote mbili, na yeye anaendelea kutusimulia. Akasema Waingereza waliunda jeshi zima la uongo, na vifaru vya mpira vya kupuliza hewa, ili Wajerumani wakipiga picha kutoka angani wadhani watavamiwa mahali pengine. Askari wachache wanakibeba kifaru kama kitanda. Mwanangu akasema hicho angekipenda kwa mizigo ya wehausi.

Akasema pia walichukua maiti ya mtu maskini, wakaivika nguo za afisa, wakaiacha baharini karibu na Hispania na karatasi za uongo, ili adui azisome apotee njia.

"Na nani alimlilia?" nikauliza.

"Wazazi wake walikuwa wameshakufa, bibi. Alizikwa kwa jina la uongo. Jina lake la kweli liliandikwa kaburini baada ya miaka mingi sana."

"Hao walikuwa na akili," nikamwambia, "lakini adabu hawakuwa nayo."

Halafu akasema mkubwa wa Waingereza alikataza majina ya kipuuzi, ili asije mama akalazimika kusema mwanawe alikufa kwenye operesheni yenye jina la mzaha. Nilimwona anatafuna mdomo. "Bibi, labda Soksi ni vibaya. Tubadilishe?"

Nikamfikiria kaka yangu, alivyokuwa anachunga kule juu kwenye ukungu, soksi zinachungulia kwenye matundu ya buti. "Acha," nikasema. "Angecheka mpaka akohoe."

Nikamweleza na mimi kitu changu. Baba yangu, akiwa kijana, alibebeshwa masanduku na askari wa Wabelgiji katika vita hivyo hivyo, wakaelekea kaskazini, Uhabeshi. Kwenye masanduku kulikuwa na nini? Hakuambiwa. Wanakwenda kumpiga nani? Hakuambiwa. Alirudi na blanketi moja. Nikamuuliza mjukuu kama na hiyo ilikuwa operesheni yenye jina. Akasema pengine, ataitafuta. Donc, kwa hiyo baba alitembea ndani ya jina ambalo hakulijua, na huyu msichana anayeendesha gari huku anapiga miayo ndiye atakayelijua. Nililitazama sikio lake muda mrefu.

Huko Buffalo, mdogo wangu hakuwa na kazi siku hiyo, na hiyo ndiyo ilikuwa hatari yetu: mtu yuko nyumbani, simu iko mkononi. Hapo tulikuwa tumemtuma mama mmoja wa kanisa lao, anayekaa Kenmore, kitongoji cha jirani. Alikwenda East Side, kwa mdogo wangu, asubuhi na mkoba wa nywele, akamwambia, "Dada yako anakuja, utampokea na kichwa hicho?" Akamkalisha kitini, akaanza kumsuka rasta ndogo ndogo. Simu ya mwenyeji akaichomeka kwenye chaji jikoni, akafunga mlango. Saa zote hizo kichwa cha mdogo wangu kilikuwa mikononi mwa yule mama. Akitaka kuinuka, yule mama anavuta msuko: "Tulia, utaniharibia mstari."

Karibu na Buffalo simu ya mjukuu ikalia. Ni yule mama, kwa kunong'ona. Mtu wa Arizona ameshindwa kujizuia, ameweka mshumaa kwenye status. Mjukuu akasimamisha gari pembeni, akampigia. Sikuwahi kumsikia akiongea hivyo. Alianza kwa Kiswahili cha heshima, shikamoo mjomba, akamalizia kwa Kiingereza, na kile Kiingereza sikukielewa lakini nilikifurahia. Mshumaa ukaondolewa.

Tukafika. Mdogo wangu alitoka nje bila koti, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama kama majani, akanikumbatia ananitikisa. "Umekuja! Mzee umekuja!" Nyuma yake nikasikia harufu. Alikuwa amepika alfajiri, kabla ya kusukwa: maharage, ndizi, sombe la majani ya mihogo, na dagaa aliowaficha kwa ajili ya mgeni. Uongo wangu ulikuwa umemfanya apike karamu.

Tukakaa. Yule mama wa Kenmore akakaa upande wake wa kushoto, mimi kulia, mwanangu karibu na mlango. Mdogo wangu anapakua, anacheka, anasema kesho nitavaa buti zake. Nikamwekea ndizi kwenye sahani. "Kula." Nikamwongezea maharage. "Kula, umekonda." Na chakula kilikuwa kitamu, Mungu anisamehe, kilikuwa kitamu kweli, nikala nami ili aendelee kula.

Alikuwa anatafuna. Akamtazama mwanangu, mwanangu anatazama sahani ya mama yake mdogo. Akamtazama mjukuu, naye anatazama sahani ile ile. Akageuka kwa mama wa Kenmore. Meza nzima ilikuwa inatazama mkono wake unavyokwenda mdomoni.

Akaacha kutafuna. Akameza. Akanawa vidole taratibu kwenye bakuli, akavifuta kwa kitambaa, akaweka mkono wake juu ya wangu.

"Nimeshiba, yaya," akasema. "Sasa niambie ni nani."

Nikamwambia. Tulilia sote, wanne wa damu na yule mama wa watu, na hakuna mzungu aliyekuja kutupima mapigo ya moyo. Mjukuu akafungua kundi, na simu jikoni ikaanza kuita bila kupumzika. Watu wa kanisa wakaja, wakaimba, wakamaliza lile sombe.

Asubuhi, nyumba bado imejaa watu waliolala chini, mdogo wangu akanirushia buti na koti. Macho yamevimba, nusu ya kichwa bado haijasukwa.

"Vaa."

"Tunakwenda wapi? Tuko msibani."

"Ulisema umekuja kuona theluji. Mimi sidanganywi bure. Vaa, uione."

Akanishika mkono, tukatoka mpaka ngazi za nyuma. Ilikuwa imefika kwenye magoti na bado inashuka. Tukasimama pale, sisi wawili tuliobaki, ananionyesha.