Maji Ambayo Hakuyaomba

Kazi yangu ni tiba ya usemi, na nikijitambulisha hivyo huku Kilifi huulizwa kama nafundisha watu kuhutubia. La. Nawasaidia watoto waliochelewa kusema, na watu wazima ambao kiharusi kimewafungia maneno. Mara moja kwa mwezi nilikuwa nikitoka hospitalini mjini kwenda zahanati moja ya Ganze, ili wagonjwa wa kule wasilazimike kushuka hadi pwani.

Mwaka jana tukaambiwa kliniki hiyo ya kila mwezi haimo katika mapendekezo ya bajeti ya kaunti. Wananchi wakiitaka, waje waseme hivyo kwenye kikao cha kutoa maoni. Nikamwuliza mgonjwa wangu mmoja, mzee wa huko huko Ganze, kama angekuja. Alikuwa mshenga, mtu wa kutumwa kuposa kwa sababu ya ulimi wake, na sasa hata jina la mkewe humtoka kwa jasho. Akajipiga kifua: atakuja.

Niseme wazi, kwa kuwa wengi hukosea hapa: kiharusi hakikumwondolea akili. Anajua anachotaka kusema. Neno lipo, ila kulifikia ndiko kugumu, na akipewa muda hulifikia. Tulifanya mazoezi ya maneno mawili tu: "Kliniki ibaki."

Kikao kilifanyika katika darasa la shule. Mwenyekiti, ofisa kutoka mjini, alimpa kila mtu dakika mbili. Wote waliomtangulia mzee waliomba maji, maana bwawa lilikuwa limekauka na akina mama wanatembea mbali mno. Zamu yake ilipofika akashika kipaza sauti.

"Kli... kli..."

Akanyoosha kidole mdomoni. Mimi ndiye niliyemfundisha ishara hiyo: nisubirini, neno linakuja. Ndani ya kliniki kila mtu anaielewa. Lakini nje ya hapo, Ganze wakati wa ukame, ukionyesha mdomo wako watu huelewa jambo moja.

"Maji!" mama mmoja akapaza sauti. "Baba ana kiu!"

"Waambie, mshenga! Hata wewe wamekukausha koo!"

Darasa zima likacheka na kupiga makofi.

"Ahsante mzee, tumekuelewa," mwenyekiti akasema. "Karani, andika maji."

Nikasimama. "Samahani, mwenyekiti. Huyu hajasema maji. Anahitaji muda kidogo tu."

"Daktari, unampinga mzee anayeomba maji?"

Watu wakaguna. Sauti ya nyuma ikasema, "Mwacheni, huyo kwake ana mfereji."

Ni kweli, bomba ninalo. Kiu yao haikuwa ya uongo, na yule mama alimsaidia kwa moyo safi. Hilo ndilo lililonikera zaidi: sikuwa na mtu wa kumkasirikia.

Mzee hakukaa. Alitikisa kichwa. "Si... si..."

"Siyo nini, mzee?" mwenyekiti akauliza, tena kwa upole, nikapata tumaini. Kisha akatazama saa, na kabla jibu halijatoka kipaza sauti kilikuwa mkononi mwa mtu mwingine.

Nje watu walimpa mkono. "Umetusemea, baba!" Akauchomoa mkono wake kwa hasira, na hakuweza kuwaambia kwa nini. Nikawaeleza mimi, mmoja baada ya mwingine, juani. Walinisikiliza kwa heshima. "Lakini na maji nayo ni muhimu, daktari," wakasema.

Kliniki ikaondolewa. Maji nayo hayajafika. Mzee hushuka Kilifi anapoweza, na kati ya safari moja na nyingine mengi tuliyoyajenga hubomoka.

Zamani wagonjwa wangu nilikuwa nikianza kwa kuwafundisha salamu na majina ya vitu vya nyumbani. Siku hizi naanza na neno moja: "Sijamaliza." Juzi mzee alikuja na mkewe, nikamwomba alijaribu.

"Si... sija..."

"Sijamaliza," mkewe akamsaidia.

Mzee akapiga meza kwa kiganja, akamkazia macho. Mkewe akajiziba mdomo kwa leso, nusu anacheka, nusu ameona haya.

"Haya, baba watoto. Sema mwenyewe."

Tukamngoja. Muuguzi akachungulia mlangoni kuniambia foleni ni ndefu. Nikamwashiria asubiri. Mzee alikuwa ameshafika "sijama".