Majimoto wa Mama

Waliochoma viota walichoma kwa heshima. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, maana mtu wa shari ungemtukana ukapumua.

Mama alikuwa amefariki, arobaini imekaribia, na wageni wangekaa kwenye kivuli cha mikorosho yake, kule shambani nyuma ya Mikindani. Mikorosho ile ilijaa majimoto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani kuwa viota. Ukipita chini wanakudondokea shingoni, na wakikuuma utacheza ngoma usiyoijua. Sasa utamkalishaje shehe hapo? Vijana wa ukoo wakafunga makuti makavu kwenye fito ndefu, wakawasha, wakachoma kiota baada ya kiota. Siku ya arobaini watu wakala pilau bila kujikuna, wakasema, mashallah, marehemu ameacha watu wasafi.

Msimu wa maua ulipofika, machipukizi yakakauka, meusi tii, kama yamepitiwa na pasi ya mkaa. Mjomba wangu, kaka yake mama na msemaji wa ukoo, akazunguka shamba mikono nyuma, akatoa hukumu.

"Miti inamfuata mwenyewe. Imefiwa hii. Mwakani isipozaa tunaikata, tunachoma mkaa."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Miti imefiwa! Niliyefiwa ni mimi. Shamba lile mama alinipa kwa mdomo wake, mbele ya Mjomba huyo huyo, na hakuna kingine alichokipanda kwa mikono yake kilichobaki hai. Miti ikikatwa, nabaki na kanga zake tu.

Nikatembea mti kwa mti nikitafuta cha kumbishia. Nikakipata mpakani kwa jirani: mkorosho ambao vijana hawakuufikia, umejaa majimoto na umejaa maua. Kumbe! Anayekausha machipukizi ni mbu wa mikorosho, mdudu mwembamba anayenyonya utomvu, na majimoto ndio wanaomwinda. Mama alikuwa akisema, "Hawa askari wangu, na askari lazima awe mkali." Tulidhani anatania. Tumewafukuza askari, halafu tunashangaa mwizi kaingia.

Jirani akanishauri nipulize dawa. Nikamwambia dawa haimjui askari wala mwizi, inaua wote, na nyuki juu yake. Nikamwomba viota badala yake. Alicheka mpaka akakaa chini, lakini akanipa.

Asubuhi, kabla majimoto hawajachangamka, nikakata matawi yenye viota, nikayatia kwenye kiroba, nikayafunga kwenye mikorosho yangu. Nikanyoosha kamba kutoka mti hadi mti ili wapite bila kushuka chini. Waliniuma kope, kwapa, na mahali ambapo sitapataja. Wapita njia wakasema msiba umenipanda kichwani.

"Wewe muuza vitenge wa mjini Chuno, unaanika nini huku porini?" wakaniuliza.

"Naanika akili zenu, zimelowana."

Mwaka uliofuata Mjomba alikuja na mtu wa msumeno wa mashine kabla hata maua hayajafunguka. Nikamwamkia, shikamoo Mjomba, kisha nikakaa chini, mgongo kwenye shina la mkorosho wa kwanza.

"Mwanangu, toka hapo."

"Ulisema isipozaa, Mjomba. Haijapewa nafasi ya kuzaa. Leo hukati."

"Unanibishia mimi?"

"Nakubishia, na heshima yako iko palepale."

Majimoto walikuwa wananitembea mgongoni, nami nimekaza meno. Mtu wa msumeno akauegemea mkorosho wa pili akitungoja tumalize. Hazikupita dakika akavua shati, akarukaruka, akatamka mambo yasiyotamkwa mbele ya wakubwa. Akasema kazi hiyo hafanyi. Wakaondoka wote wawili.

Korosho zikashika. Si miti yote, sitadanganya, mingine ilibaki na machipukizi meusi. Lakini mkaa hakuna aliyeutaja tena.

Hitima ya mwaka ya mama tuliisogeza mpaka tumalize kuokota korosho. Mjomba akatuma ujumbe: vijana waje kusafisha, wageni watakaa wapi? Nikajibu kwamba atakayewasha kuti shambani kwangu, pilau atasikia harufu tu. Nikaweka beseni la majivu kwenye njia ya kuingilia. Nilikumbuka nimeshaumwa vya kutosha: mama alikuwa akijipaka majivu miguuni na shingoni kabla ya kwenda kuokota, na majimoto hawakumpanda.

Mjomba alifika na kanzu yake nyeupe, akalitazama beseni, akanitazama mimi.

"Majivu, siku ya hitima?"

"Anayetaka kivuli cha mama apake, Mjomba. Asiyetaka, jua lipo."

Akasimama juani kitambo. Kisha akavua makubazi.