Kinyozi na Mpira wa Meno

Shemeji yangu ni kinyozi. Ni mdogo wa mke wangu, aliyetutoka mwaka jana. Kichwa anakinyoa dakika kumi, hadithi zake nusu saa. Wateja hawafuati mkono wake, wanafuata mdomo.

Mdomo wenyewe una meno yaliyopandana kama abiria wanaogombea mlango. Alipofika miaka arobaini akatiwa vyuma vya kuyanyoosha. Sababu ni mchumba wake, mwalimu wa chekechea. Mwalimu hakulalamika. Ni shemeji mwenyewe aliyeapa: "Siendi kwa baba yake na meno haya."

Mara mwalimu akapata uhamisho. "Mwezi wa sita naondoka," akamwambia. "Kama hujaja kwa baba, basi tena."

Ikawa mbio. Shemeji akasikia kuna kifaa cha kutetemesha meno ili yasogee haraka. Hapa hakipo. Akaona mashine ya kunyolea nayo si inatetemeka? Kila asubuhi akawa anaibana shavuni, macho kafumba. Siku ya nne ikateleza, nusu ya masharubu ikaenda.

"Shemeji, niangalie, yamesogea?"

"Masharubu ndiyo yamesogea."

Nikampeleka kwa daktari wa meno. Daktari akacheka mpaka akavua miwani.

"Ule mpira niliokupa, wa kuvuta meno ya juu na ya chini, unavaa?"

"Navaa usiku. Mchana nitaongeaje na wateja?"

"Basi usiku meno yanakwenda, mchana yanarudi. Vaa kutwa kucha, utoe wakati wa kula na kupiga mswaki. Na siku ya kukazwa vyuma usikose."

"Mwezi wa sita yatakuwa tayari?"

"Ukijitahidi, wa tisa."

Akavaa. Kinyozi kimya. Wateja wakadhani tumefiwa tena, mmoja akampa pole. Nikakaa kwenye benchi, nikaongea badala yake. Mimi kuongea sijui. Nilimwongelea mke wangu tu. Hakuna aliyeondoka.

Mwisho wa mwezi wa tano mwalimu akasimama mlangoni, mkoba begani.

"Unakuja au huji?"

Shemeji akashika shavu, akanitazama. Nikasema, "Tunakuja."

Jumapili tukaenda kwa baba wa mwalimu, vyuma hivyo hivyo. Msemaji mimi.

"Mzee mwenzangu," nikasema, "kijana wetu anamtaka binti yako."

Nikaishiwa maneno hapo hapo. Shemeji akaona nazama, akapanua mdomo aniokoe. Mpira ukachomoka, paa! Ukatua kwenye paji la uso la mzee.

Mzee akauokota, akaugeuzageuza.

"Barua ya posa nimeipata," akasema. "Mbona fupi?"

Mwalimu akaangua kicheko. Shemeji naye akacheka, vyuma vyote nje, mkono hakuuinua kuziba.

Mzee akamrudishia mpira. "Kauoshe kwanza," akamwambia. "Halafu uje tupange siku."