Hiyo Usimwambie

Nimekuwa mkalimani wa afisa wa ustawi wa jamii katika shule kadhaa za Durban kwa muda sasa. Watu wa kanisani hawaamini, kwa sababu mimi ni mtu wa kukaa benchi la nyuma na kuitikia kwa kichwa. Masomo yangu yaliishia shule ya msingi, Kongo. Naandika polepole. Lakini habari hii sitaki iandikwe na mtu mwingine, atakayeitia huruma.

Mdogo wa baba yangu, tuliyemwita tonton, ndiye aliyenileta hapa Durban, mtaa wa South Beach, nikiwa bado mtoto. Aliwaahidi wazazi wangu kwamba nitasoma. Nilipofika nikakabidhiwa mtoto wake wa kwanza, kisha wa pili, maana mke wake alikuwa kazini mchana kutwa. Siku niliyouliza nitaanza shule lini, alinitoa nje ya flati, akafunga mlango. Nililala kwenye korido ya ghorofa ya tisa, na wapangaji wakinikuta njiani walinivuka kama mfuko wa takataka. Sikuuliza tena. Nilipokua nikaenda kusuka nywele saluni, na wateja wakanifundisha Kiingereza na Kizulu bila kujua kwamba wananifundisha.

Huyo afisa alikuwa mteja wangu, mama wa Kizulu anayekaa Westville. Siku moja nikiwa katikati ya kichwa chake, aliingia mama Mkongo akilia kwamba shule inamtaka na hajui kwa nini. Nilimsaidia kuzungumza na shule kwa simu, mikono yangu ikiwa bado kwenye rasta. Nilipomaliza kusuka, afisa aliniuliza kama naweza kwenda naye shuleni Jumanne. Nilimwita Ma, na hadi leo namwita hivyo.

Kwetu mkalimani ni kama mpishi: anapewa maneno mabichi, anayapeleka mezani yameiva. Mzee akitukana, wewe unasema amesikitika. Huo ndio ustaarabu, na kila mzazi anayeingia kwenye kikao akiwa na mkalimani wa nyumbani anautegemea. Ma alinikataza. Alisema nipeleke maneno mabichi, yote, na niseme "mimi" pale anayezungumza anaposema "mimi". Siku ya kwanza baba mmoja alisema hawezi kushauriwa na msichana ambaye hajazaa. Nilitafuta namna ya kuliivisha neno hilo, masikio yakiwaka moto. Ma akangoja. Mwishowe nikasema, "Siwezi kushauriwa na msichana ambaye hajazaa," nikimtazama Ma usoni. Ma alicheka mpaka akafuta macho, akaniambia nimjibu kwamba anao watatu na wa kwanza amemzidi mama yake kimo.

Basi, mwaka uliofuata Kombe la Dunia lililochezwa hapa, shule moja karibu na Point ilimwita tonton. Alikuwa anakaa na binti wa marehemu dada yake, mtoto wa miaka kumi, na huyo mtoto alikuwa hafiki shuleni wiki nzima nzima. Nilijua aliko. Alikuwa flati ya ghorofa ya tisa, na mapacha wa tonton, mmoja mgongoni na mwingine kiunoni.

Kwenye gari nilimwambia Ma kwamba huyu ni baba yangu mdogo. Alisema basi lazima atafute mkalimani mwingine, isipokuwa kama tonton mwenyewe atakubali. Tulipofika akamuuliza, nami nikatafsiri swali. Tonton alicheka, akanipiga begani. "Mwingine wa nini? Huyu iko mtoto yangu. Atanisemea muzuri."

Kila kikao nakifungua kwa kueleza kwamba nitatafsiri kila kitu kitakachosemwa mle ndani. Siku hiyo nilieleza polepole kuliko kawaida, ili baadaye asije akasema hakusikia. Alinisikiliza kama watu wanavyosikiliza matangazo ya kanisani.

Alianza vizuri. Alisema mtoto ana kifua, Durban ina unyevu, wamemwombea. Nikatafsiri kifua, unyevu na maombi. Ma akamgeukia mtoto, akamuuliza kwa upole huwa anafanya nini siku asizokuja shule. Mtoto alinitazama mimi, kisha viatu vyake.

Hapo tonton akamwinamia. Sauti yake ilikuwa laini kabisa, ya mzazi anayebembeleza. Asiyejua Kiswahili angedhani anamtia moyo. "Ukitaja mapacha, leo utalala kwenye korido. Na shule utaisikia kwa redio tu." Kisha akanigeukia mimi, bado anatabasamu. "Hiyo usimwambie. Ni mambo ya nyumba."

Nilikuwa nimengoja miaka bila kujua ninangoja nini. Nikamtazama Ma, nikasema kwa Kiingereza, kwa hii sauti yangu ndogo, "Ukitaja mapacha, leo utalala kwenye korido. Na shule utaisikia kwa redio tu." Nikaendelea: "Hiyo usimwambie. Ni mambo ya nyumba."

Kiingereza cha tonton kilikuwa cha kuuzia simu, lakini kilimtosha. Tabasamu lilibaki usoni likiwa halina tena kazi.

"Unafanya nini?" akaniuliza. Nikatafsiri.

"Nyamaza." Nikatafsiri.

"Mimi nilikulisha, wewe." Nikatafsiri na hilo, nikasema "mimi nilikulisha" nikimtazama Ma, kama kwamba yeye ndiye aliyekula kwangu. Tonton aligundua kwamba kila atakachonirushia kitatua mezani mbele ya yule mama. Alinisihi kwa macho. Macho siyatafsiri.

Ma akamwomba atoke nje kidogo. Mlango ulipofungwa, mtoto alizungumza, kwanza kwa kunong'ona, kisha kwa kasi mpaka nikamwomba apunguze. Jioni ile hakurudi ghorofa ya tisa. Alipelekwa kwa shangazi yangu, Isipingo, kwa muda, mpaka mahakama ya watoto iamue.

Tonton hakulala. Alizunguka kwa wazee wa ukoo akisema nimemgeuzia maneno, nimeuza damu yangu kwa serikali. Jumapili wakaja Isipingo, wazee watatu na yeye, wakakaa kwenye makochi ya shangazi. Walitaka mambo mawili: nipige magoti niombe radhi, na mtoto arudi kwa mjomba wake siku hiyo hiyo, kisha tumwambie afisa kwamba familia imepatana. Shangazi ni mjane na ni mdogo wa tonton. Nilimwona akikunja kitenge chake magotini, nikajua akibanwa atakubali. Mtoto alikuwa chumbani, na mlango ulikuwa wazi kidogo.

Mzee mkubwa akaniambia niseme. Nilisema nitapiga magoti, ila kwanza tonton ataje neno moja nililomsingizia.

"Moja tu, tonton. Lolote."

Alipandwa na hasira. Nadhani alikuwa amenizoea nikiwa kimya. "Sisemi ulisingizia," akasema. "Nasema ile ya korido ungeiacha. Mutoto wa kwetu angeiacha."

Mzee mkubwa akageuza kichwa. "Korido gani?"

Hapo wote wakanitazama mimi, kwa mazoea. Nami nilikuwa na maneno yote tayari, ya mtoto na yangu, ya miaka yote. Lakini pale hapakuwa na mtu asiyejua Kiswahili. Nikaegemea ukuta, nikamwachia aeleze mwenyewe.

Alieleza vibaya. Alianza na kifua, akaja kwenye unyevu, na kila alipotaka kupita mzee alimrudisha: korido gani? Jasho lilimtoka. Sikumpa kitambaa, wala maji, na shangazi alipoinuka kwenda kuchukua glasi nilimshika mkono akakaa. Walipoondoka, yule mzee alisema mtoto abaki alipo, asiguswe. Tonton alitangulia kushuka ngazi bila kuaga.

Jumatatu mtoto alipanda taksi kwenda shule na shangazi. Kanisani tonton amehamia benchi la upande wa pili. Mimi nimesogea mbele, mahali ambapo hawezi kumtazama mchungaji bila kuniona.